Kilichoiharibu ni Kukaa

Kwa miezi minane ya mwaka, hakuna mtu Kwa Vonza anayehitaji mashine ya kukata nyasi. Ukitoka Machakos ukapita Masii na Wamunyu, ukavuka daraja la mto Athi na kuingia upande wa Kitui, unapokewa na vumbi jekundu, migunga, na mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma wakiwania majani ya juu. Mvua zetu ni mbili. Ile ya Machi hadi Mei hatuitegemei sana. Ikija twashukuru, isipokuja hatushangai. Ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotulisha, ndiyo ya ndengu na kunde na mahindi. Mvua ya Novemba ikishika, uwanja uliokuwa kipara hugeuka kijani kabla mwezi haujaisha, na hapo kila mwenye uwanja hukumbuka kwamba ana mashine mahali fulani, chini ya gunia.

Mwaka wa 2011 ulianza vibaya. Ukame ule ulioandikwa na magazeti ya dunia nzima sisi tuliuona kwa ng'ombe: mbavu kwanza, kisha bei. Halafu Oktoba mawingu yakafunguka, na kufikia Novemba mito yetu ya mchanga ilikuwa inapitisha maji juu. Mimi nilikuwa nyumbani nikingoja chuo. Wakati ule aliyefaulu kidato cha nne alikaa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuitwa chuo kikuu, na mama hakupenda kuniona nikikaa. Akanipeleka kwa kaka yake.

Mjomba alikuwa amestaafu kutoka karakana moja ya Nairobi, akafungua kibanda cha mabati kando ya barabara. Kazi hazikukosekana. Mwaka wa 2008 pale palipokuwa na Ukamba Agricultural Institute palianzishwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kile ambacho mwaka wa 2013 kilipata hati yake na kuwa South Eastern Kenya University, na soko likaanza kuota ploti za kupangisha wanafunzi. Waliotaka milango ya chuma walikuja, wenye toroli zilizokatika walikuja, wenye mashine za kusaga walikuja. Wenye pikipiki walikwenda kwa vijana wa upande wa pili wa barabara, na mjomba hakuwaonea wivu. Alichokuwa nacho yeye, na ambacho hakuna mwingine pale sokoni aliyekuwa nacho, ni sanduku la spana za inchi, zikiwemo zile za kipimo cha Whitworth, kilichobuniwa na Mwingereza Joseph Whitworth mwaka wa 1841. Vijana walidhani ni mabaki ya kuuzia wauza vyuma chakavu.

Mashine ilikuja juu ya mkokoteni wa punda. Ilikuwa ya shule moja ya bweni, na aliyeileta ni mzee aliyetunza uwanja wa shule hiyo tangu kabla sijazaliwa. Rangi yake ya kijani ilikuwa imebaki kwenye pembe tu. Bamba la jina la mtengenezaji lilikuwa limeng'oka, yakabaki matundu mawili ya riveti, lakini kwenye injini maandishi yalikuwa yamemiminwa pamoja na chuma chenyewe: Villiers, kampuni ya Wolverhampton, Uingereza. Haikuwa na kisu kimoja kinachozunguka kwa chini kama mashine za siku hizi. Ilikuwa ya silinda: visu vilivyopinda kwa urefu vinazunguka na kukata nyasi dhidi ya kisu kilichotulia, na nyuma yake rola nzito ya chuma inayosukuma mashine na kulaza ardhi.

Umbo hilo lina historia inayonifurahisha. Edwin Budding, fundi wa Stroud katika nchi ya viwanda vya sufu, alikuwa akiona mashine iliyopunguza manyoya ya juu ya kitambaa ili kiwe laini. Akafikiri kwamba nyasi nazo zinaweza kunyolewa hivyo hivyo, na mwaka wa 1830 akaandikisha hataza. Kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilianza kuziunda mwaka wa 1832. Kwa hiyo chuma kilichokuwa kimepakiwa nyuma ya punda wetu kilikuwa kitukuu cha mashine ya nguo, na kilikuwa kimefika mahali ambapo mtu akiona nyasi anafikiria ng'ombe.

"Fundi," mzee wa uwanja akasema baada ya salamu ndefu, "hii mashine haisikii. Nikiiambia simama, inaenda."

Maelezo yake hayakuhitaji kuongezwa. Mashine za namna hii zina klachi inayofanana kimawazo na ya pikipiki. Springi inabana pleti pamoja, nguvu ya injini inapita hadi kwenye cheni, rola inazunguka. Ukivuta liva kwenye mpini, kebo inavuta mkono wa klachi, springi inasukumwa nyuma, pleti zinaachana, na mashine inasimama hali injini ikiendelea kunguruma. Ya mzee huyu haikusimama. Alivuta liva hadi mwisho na bado ilitambaa, polepole lakini bila kuchoka, na alipofika mwisho wa uwanja ilimbidi azime injini ndipo ageuze. Kuiwasha tena ni kuzungusha kamba kwenye puli na kuvuta, tena na tena, kwenye jua la Kitui. Wiki iliyotangulia ilikuwa imepanda mawe yaliyopakwa chokaa yanayozunguka mlingoti wa bendera. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia na mwalimu mkuu alikuwa ameanza kuuliza maswali.

Klachi ina magonjwa mawili makuu na ni kinyume. Moja ni kuteleza: injini inapiga kelele, mashine haiendi. La pili ni kutoachia. Vijana wa pikipiki wanajua sana lile la kwanza, maana boda inayobeba abiria wawili na gunia la makaa kutoka mtoni inamaliza pleti haraka. Hili la pili wanaliponya kwa njia moja, kukaza kebo, na kwa haki yao, kwenye pikipiki mara nyingi huwa ndiyo dawa. Mmoja wao alikuwa ameshaikaza hii. Liva ilikuwa ngumu kuvuta kwa mkono mmoja, na mashine ilitambaa vile vile.

Kitu cha kwanza alichofanya mjomba kilikuwa kuchomoa waya wa plagi na kuukunja mbali. Nilimwuliza kwa nini, injini imezimwa. Akanishika kiganja, akasukuma mashine kwa goti, silinda ikageuka nusu mzunguko na visu vikapita juu ya kile cha chini kwa mlio mdogo wa mkasi. Kisha akaniachia mkono. Hakusema neno na sikuuliza tena.

Baada ya hapo akakaa. Akaniagiza nivute liva na kuishikilia, naye akasukuma mashine. Klachi nzima ingeiacha iende bila kugusa injini. Hii ilikwenda kidogo, ikakataa, na tukasikia pistoni ikisukuma hewa. Basi injini na rola bado vilikuwa vimeshikana. Akaniambia niachie na kuvuta tena, polepole, yeye akiangalia si liva bali kule chini, kwenye mkono wa klachi penyewe. Hapo nilijifunza jambo ambalo nimelitumia kwenye mitambo mikubwa kuliko ile: usipime mwendo pale unapoutoa, upime pale unapopokelewa. Liva inaweza kutembea kiganja kizima na kebo ikala mwendo wote njiani, kwa kunyooka au kwa ganda lake la nje kubonyea. Kwenye hii mwendo ulifika. Mkono wa klachi ulisogea vizuri kabisa. Mjomba akachukua tochi, akamulika kwenye upenyo wa kifuniko, akaniita nichungulie. Nilivuta kwa mkono mmoja huku nikitazama. Bamba la kubana lilirudi nyuma kama lilivyotakiwa. Pleti zenyewe zilibaki pale pale, zimegandana kama chapati zilizorundikwa zikiwa moto.

Tulikuwa bado hatujashika spana.

Hapo aliuliza swali ambalo sikulitarajia. Hakumwuliza mzee mashine ilikuwa ikifanya nini ilipoharibika. Alimwuliza ilikuwa wapi tangu Juni. Stoo, mzee akajibu, pamoja na saruji na majembe. Ilikuwa imefunikwa? Ndiyo, kwa gunia, na kabla ya kuiweka alikuwa ameipaka grisi kila mahali ili isishike kutu. Kila mahali? Kila mahali, Fundi, hata huko ndani, niliingiza kwa kidole.

Klachi ya pikipiki nyingi tunazoziona hapa inaogelea kwenye oili ya injini; imeundwa hivyo. Ya mashine ile ilikuwa kavu. Pleti za chuma tupu zimepishana na pleti zilizobandikwa kitambaa kigumu cha kushika, cha namna ile ya breki, na kitambaa hicho hakitakiwi kuona mafuta. Mzee alikuwa amefanya alichofanya kwa nia njema na kwa akili ya kawaida: chuma hupakwa grisi. Lakini grisi ile ilikutana na vumbi la Kwa Vonza, unga wa saruji na unga wa nyasi zilizokauka, na juu ya yote ilikutana na springi. Hili la springi ndilo lililonikaa. Mashine ikiwa imepumzika, klachi haipumziki. Kila siku ya miezi ile yote, mchana wa joto na usiku wa umande, springi ilikuwa inabana pleti dhidi ya pleti kwa nguvu zake zote, na gundi ile nyeusi ikikauka katikati. Ingefanya kazi kila siku isingegandana. Kilichoiharibu ni kukaa.

Kufungua kulichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Nati za kifuniko zilikuwa zimeliwa pembe na spana za milimita, ambazo zinakaribia kipimo bila kukifikia; fundi mwenye haraka husikia spana imekaa, anavuta, na nati inageuka mviringo. Mjomba alizirudishia pembe kwa tupa, moja moja, ndipo spana zake za Whitworth zikashika. Cheni ilitoka kwa kiungo chenye klipu, na hapo alinionyesha jambo dogo ambalo fundi wa baiskeli yeyote analijua: unaporudisha, upande wa klipu uliozibwa utazame kule cheni inakokwenda, la sivyo itakutana na kitu na kufyatuka. Springi ya katikati aliibana kwa bolti ndefu kabla ya kulegeza nati yake. Ikiachwa iruke inaweza kutoa jicho. Kila kipande kilichotoka nilikipanga kwenye gunia kwa mfuatano, na ole wangu kuku wapite.

Pleti zilipotoka hazikutoka moja moja. Zilitoka zote pamoja, tofali jeusi lenye harufu ya grisi kuukuu na nyasi zilizovunda. Nilichukua bisibisi nizitenganishe, mjomba akanizuia. Ncha yake ingechimba kitambaa. Aliziloweka kwenye karai lenye petroli, mbali na jiko la muuza chai, akaenda kula muthokoi. Aliporudi zilikuwa zimeanza kuteleza zenyewe.

Nikataka kupuliza vumbi lililobaki kwenye ngoma. Hapo alipandisha sauti, mara pekee. Vitambaa vya klachi na breki vya umri ule mara nyingi vilichanganywa asibesto. Vumbi lake ukilivuta halitoki mapafuni, na saratani inayoletwa nalo huchukua miaka mingi mpaka mtu akasahau alipoipata. Pale alipofanya kazi Nairobi walikuwa wakipuliza ngoma za breki kwa hewa ya kompresa, kila siku, wakicheka. Hakuniambia zaidi ya hapo. Tulifuta kila kitu kikiwa kimelowa, kwa matambara tuliyoyafunga kwenye mfuko na kuyafukia.

Baada ya kuosha ndipo mambo mengine mawili yakaonekana, na nayo ningependa kuyaeleza taratibu kwa sababu ndiyo yanayotofautisha kusafisha na kutengeneza.

La kwanza ni unyoofu. Pleti ya chuma iliyopinda hata kidogo itagusa jirani yake sehemu fulani ya mzunguko, hata klachi ikiwa imevutwa. Macho hayaoni mpindo huo. Mjomba alileta kipande cha kioo cha dirisha, maana kioo ni tambarare kuliko meza yoyote utakayoipata sokoni, akalaza pleti juu yake, kisha akachukua wembe mpya. Wembe wa kawaida una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Akauzungusha pembeni mwa kila pleti akijaribu kuuingiza chini. Kwenye moja wembe uliingia, na wa pili juu yake ukaingia, na wa tatu pia. Pleti hiyo aliilaza kwenye kipande cha reli alichokifanya fuawe na kuigonga kwa nyundo ya mbao, pigo dogo, kioo, wembe, pigo dogo, kioo, wembe, mpaka wembe mmoja ukakataa. Nililala nikisikia mlio ule.

La pili ni ngoma. Pleti za chuma zina masikio yanayokaa kwenye mifereji ya ngoma, na yanatakiwa kuteleza humo mbele na nyuma. Miaka ya kazi ilikuwa imechimba vijishimo kwenye kuta za mifereji, mahali masikio yalipogonga. Ukivuta liva, pleti inataka kurudi nyuma lakini sikio limenasa kwenye shimo lake. Pleti safi kabisa kwenye ngoma ya namna hiyo bado haziachi. Alizilainisha kuta kwa tupa laini, akipitisha kidole baada ya kila mikwaruzo michache, akaacha mara tu kidole kilipopita bila kukwama. Ukikata zaidi, pleti zinacheza na kupiga kelele, na umetengeneza ugonjwa mpya.

Shafti yenye meno marefu ambayo pleti nyingine hutelezea juu yake nayo ilikuwa kavu na ina kutu. Kutu tuliitoa kwa msasa laini. Nilinyosha mkono kuchukua kopo la grisi, nikaona anavyonitazama. Alimtuma mzee wa uwanja arudi shuleni amwombe mwalimu wa michoro penseli, ile laini yenye risasi nyeusi. Akaisugua kwenye kila jino mpaka likang'aa kijivu. Risasi ya penseli ni grafiti. Inatelezesha na haishiki vumbi. Penseli iliyobaki aliirudisha shuleni.

Kurudishia hakukuwa na mengi. Kebo tuliilegeza kutoka pale kijana alipoikaza, tukaacha liva itembee milimita mbili tatu bila kuvuta kitu, ili springi iweze kubana pleti kikamilifu. Ukiinyima nafasi hiyo umeponya kutoachia kwa kuleta kuteleza. Nikavuta liva, mjomba akasukuma kwa goti, na mashine ikaenda mpaka ikagonga ukuta wa kibanda.

Tuliijaribu uwanjani asubuhi, umande ukiwa umekauka. Mzee aliwasha, akaachia liva, ikaenda. Akavuta, ikasimama, injini ikinguruma chini yake. Akaachia, akavuta, akaachia, akavuta. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nyasi zilizojaa kwenye sanduku la mbele alizimwaga kwenye gunia, na wakati huo nikaelewa kwa nini alikuwa na haraka kuliko mwalimu mkuu. Alikuwa na ng'ombe wawili waliobaki kutoka ukame. Uwanja wa shule ni ukoka, nyasi fupi ya kutambaa, si ile ya malisho inayothaminiwa huku kwetu, mbeetwa na ndata kivumbu, ambazo wakulima wa Kitui na Makueni huzipanda kurudisha ardhi iliyochoka na huuza mbegu zake. Lakini ng'ombe aliyepitia 2011 hachagui.

Bursa wa shule ndiye aliyetusumbua. Mjomba alidai elfu moja mia tano, na bursa akataka kujua ni spea gani iliyonunuliwa. Hakuna. Basi analipia nini? Petroli ya kuoshea, mjomba akasema, na penseli moja, lakini hiyo ni yenu. Mazungumzo yalikwenda hivyo kwa muda, yakawa ya adabu kupita kiasi, mpaka mwalimu mkuu akapita na kusema alipwe. Nimeliona jambo hilo mara nyingi tangu hapo. Ofisi inalipa kwa furaha kipande kipya kilichofungwa kwenye karatasi, hata kama hakikuhitajika, kwa sababu kipande kina risiti. Saa za mtu aliyekaa kuangalia kwanza hazina risiti. Naamini vyuma vingi vizima vimetupwa nchi hii kwa sababu ya tofauti hiyo tu.

Kabla ya kuondoka, mjomba alikata ukanda wa mpira kutoka tyubu ya baiskeli akampa mzee wa uwanja. Nyasi zikiisha, akamwambia, vuta liva hadi mwisho, uifunge kwenye mpini na mpira huu, uiache hivyo mpaka mvua. Pleti zitakaa zimeachana. Hata umande ukiingia, zitashika kutu kila moja peke yake. Matrekta mengine yamewekewa ndoano ya kushikilia pedali ya klachi chini kwa sababu hiyo hiyo. Nilimwuliza kama springi haitachoka kubanwa miezi yote. Springi nzuri, alisema, inauawa na joto na kutu; kubanwa tu hakuiui. Nimesoma uhandisi baadaye na vitabu viko upande wake.

Tangu hapo, nikiletewa mashine iliyogoma, swali langu la kwanza ni lile la mjomba: ilikuwa wapi? Huku Ukambani jibu hueleza nusu ya ugonjwa. Pampu za wakulima wa kando ya Athi hufanya kazi kiangazi na kulala mvua ikinyesha, kinyume cha mashine ya nyasi, na kasoro ni ile ile: maji yaliyobaki ndani, sili zilizokauka na kushikana na shafti, petroli iliyogeuka utomvu kwenye kabureta. Jenereta ya kanisa huwashwa umeme ukipotea wakati wa harusi, na huo ndio wakati ambao haiwaki. Mpango wa kusambaza umeme wa Last Mile ulipoanza mwaka wa 2015, wenye mashine za kusagia unga walinunua mota na kuacha injini zao za dizeli pembeni ziwe za akiba. Injini zilizosaga mfululizo kwa miaka bila lawama zilikufa zikiwa akiba. Mmoja wa wenye mashine hizo aliniambia injini yake imerogwa, kwa kuwa aliiacha ikiwa nzima. Nilimwambia aiwashe kila mwisho wa mwezi hata kama umeme upo, akaniona nataka kumharibia dizeli.

Usidhani kwamba kazi haiharibu. Ile ngoma iliyochimbika ilichimbwa na kazi. Lakini uharibifu wa kazi unajitangaza, kwa kelele, kwa moshi, kwa kuteleza, na mtu yupo pale akisikia. Wa kukaa hauna shahidi. Na sisi wa nchi kavu tuna vitu vingi vya kungoja msimu, kwa hiyo kujua kuweka kitu kungepaswa kuwa ufundi wenye jina na wenye malipo. Sijaona shule inayoufundisha.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nafanya kazi katika mji wa Wote, mzee wa uwanja alinipigia simu. Mjomba alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Shule ilikuwa imenunua mashine ya kubeba begani, ile ya kufyeka kwa kisu cha mbele, na kisu hakikusimama hata akiachia petroli. Nikauliza ilikuwa wapi. Haikuwa popote, akasema, nimeitumia wiki nzima bila kupumzika. Swali la mjomba likaniishia mkononi. Klachi ya mashine hizo haina liva wala kebo. Ina viatu viwili vinavyorushwa nje na mzunguko injini ikienda kasi, na vispringi vya kuvirudisha ikipoa. Kisu kikizunguka hali injini inanguruma tu, ama mngurumo wenyewe uko juu mno ama kispringi kimekatika. Nikamwelekeza ilipo skrubu ya mngurumo kwenye kabureta, aizungushe robo kurudi nyuma, akiwa amesimama mbali na kisu. Nilisikia injini ikishuka sauti, na baada yake kimya cha kisu.

"Kimesimama," akasema. "Sasa ule mpira wa tyubu niufunge wapi?"

Nikamwambia hii haina pa kuufunga.

"Basi wameiunda vibaya," akasema, akaniuliza habari za nyumbani.